Dakika Nne kwa Kila Tuzo

Kabla ya kulalamika kwamba sherehe za tuzo kwenye runinga zinachosha, washa kipima muda cha simu na upime tuzo moja tu, tangu mfawidhi anapofungua kinywa hadi mshindi anapotoka jukwaani. Kuwaita wanaokabidhi: sekunde 15. Wawili hao kutembea hadi kwenye maikrofoni huku muziki ukiwasindikiza: 20. Utani walioandikiwa, ambao mmoja wao anausoma kama tangazo la mazishi: 40. Video ya wateule watano, sekunde 10 kila mmoja: 50. Kufungua bahasha na kujifanya unasitasita: 15. Mshindi kushtuka, kukumbatia meza nzima, kisha kupanda ngazi na viatu vile: 40. Hotuba: 60, na hapo nimemhurumia mtayarishaji. Picha na kuondoka: 15. Jumla sekunde 255, yaani dakika 4 na robo.

Sasa zidisha. Vitengo 25, yaani tuzo 25, na kwa Nairobi hiyo si sherehe kubwa, ni dakika 106. Weka wasanii 5 wa kutumbuiza, dakika 4 kila mmoja: 20 zaidi. Weka matangazo ya biashara, dakika 10 kwa kila saa, maana hayo ndiyo yanayolipa: 25 nyingine. Umeshafika saa mbili na nusu, na kituo cha runinga kimekata nafasi ya saa mbili tu. Mgeni rasmi bado yuko njiani.

Hesabu hii inatosha nyuma ya kadi ya mwaliko, lakini haifanywi. Ratiba hupita kwa mwandalizi, kwa wadhamini, kwa kituo, kwa mkurugenzi wa jukwaa, na kila inapopita huongezewa kitu. Hairudi ikiwa fupi.

Oscar, tuzo za filamu za Hollywood, ambayo ndiyo kibla cha waandalizi wengi wa hapa, ilianza kwa adabu zake. Tarehe 16 Mei 1929, katika hoteli ya Hollywood Roosevelt, wageni wapatao 270 walikula chakula cha jioni, tuzo zikagawiwa kwa kama dakika 15, watu wakaenda zao. Washindi walikuwa wameshatangazwa miezi kadhaa mapema, kwa hiyo hapakuwa na wa kujifanya kashtuka. Runinga iliingia mwaka 1953. Kufikia 2002 sherehe ilikwenda saa 4 na dakika 23. Sanaa ya filamu haikuwa bora mara 17 kuliko enzi zile. Kilichokua ni nafasi ya matangazo ya kuuza, na watu waliozoea kuonekana.

Sisi nasi tulianzisha zetu: Kisima za muziki mwaka 1994, Kalasha za filamu na runinga mwaka 2009 chini ya Kenya Film Commission. Mwaka huo wa 2009, tarehe 10 Oktoba, MTV Africa Music Awards zilifanyika hapa Kasarani, mwanamuziki Wyclef Jean akiwa mfawidhi. Baada ya hapo zimechipuka nyingine kama uyoga, na nyingi hufa baada ya misimu miwili. Ukitaka kujua kwa nini zinachipuka, tazama vitengo.

Kila kitengo ni bango la bure. Vitengo 30 vyenye wateule 5 kila kimoja ni watu 150. Kila mmoja hutumiwa picha yake yenye nembo za wadhamini na maneno "nipigie kura", naye huibandika mitandaoni na kwenye stetasi ya WhatsApp kwa hiari yake, kwa wiki sita. Ndugu zake huisambaza. Hakuna kampuni ya matangazo inayoweza kukupa kazi hiyo kwa bei hiyo. Juu ya hayo kila kitengo kinaweza kuuzwa kwa mdhamini wake mwenyewe. Ndiyo maana ukimwambia mwandalizi apunguze vitengo vifike 12 anakutazama kama uliyemtukania mama: umemkata mapato kabla hajalipia ukumbi. Na ndiyo maana utasikia tuzo ya mwigizaji bora wa kike chipukizi katika tamthilia fupi ya mtandaoni, ambayo tamthilia zenyewe zilizotoka mwaka huo labda ni nne, na wateule ni watano.

Grammy, tuzo za muziki za Marekani, walikuwa na vitengo 94 mwaka 2024. Dawa yao ni kali lakini inafanya kazi: sehemu kubwa hutolewa mchana katika hafla ya pembeni, na kipindi chenyewe cha usiku hubaki na vichache, kilichobaki ni muziki. Hata Tyla wa Afrika Kusini, aliyekuwa wa kwanza kushinda kitengo kipya cha muziki wa Kiafrika tarehe 4 Februari 2024, alitangazwa katika hafla ya mchana. Oscar walijaribu jambo la namna hiyo mwaka 2022 na vitengo 8, uhariri na sauti vikiwemo, wenye kazi hizo wakachukia, na 2023 vyote vikarudishwa kwenye kipindi. Nawaelewa wahariri. Ni uchungu kuambiwa na runinga kwamba kazi yako haifai kuonekana kwenye runinga. Lakini saa mbili ni saa mbili, na mhariri ndiye wa kwanza anayejua kwamba kitu kisipokatwa hakitoshi.

Kuna mdudu wa kwetu ambaye Hollywood hawana: mgeni rasmi. Akialikwa saa moja jioni hufika saa mbili na nusu, na hakuna mwenye ubavu wa kuanza bila yeye, kwa sababu kiti chake kimewekwa katikati kabisa ya picha ya kamera kuu. Akifika, wote wasimame, wimbo wa taifa. Halafu anasema "itifaki imezingatiwa", maneno yenye maana kwamba majina hayatatajwa, kisha anataja majina. Dakika 12 zimekwenda, na kati ya hizo 3 ni ahadi ya kujenga studio. Kinachosaidia ni kumpa kazi badala ya hotuba: akabidhi tuzo moja kubwa, aandikiwe sentensi mbili kwenye prompta, ile skrini ya kusomea, na hotuba yake kamili wagawiwe waandishi wa habari ikiwa imechapwa. Wimbo wa taifa na salamu viishe nusu saa kabla ya kwenda hewani. Na kiti chake kiwekwe pembeni kidogo, upande wa kushoto wa picha, ili akichelewa kamera isionyeshe pengo katikati ya ukumbi. Mpangilio huo wa kiti peke yake huokoa dakika nyingi kuliko barua kumi za kumsihi awahi.

Hotuba za washindi husemwa sana, ingawa si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani. Oscar huwapa sekunde 45, na bado hotuba ya mwigizaji Greer Garson ya mwaka 1943, ya zaidi ya dakika 5, inatajwa hadi leo. Mwaka 2016 walijaribu kuwaomba wateule waandike mapema majina ya wa kushukuriwa, yapite chini ya skrini. Yalipita, na watu wakayataja majina hayo hayo kwa mdomo. Hapa kwetu kosa ni kumwachia DJ amtoe mshindi. DJ anajua kuanza na besi tu, na ataianzisha wakati mtu anamshukuru marehemu mama yake; kesho yake kipande hicho ndicho kitakachozunguka mitandaoni, si jina la mshindi. Weka saa kubwa ya kuhesabu nyuma kwenye skrini iliyo miguuni mwa jukwaa, namba zigeuke nyekundu zikibaki sekunde 15. Muziki uingizwe na fundi wa sauti, uanze chini kabisa kama kinanda cha mbali, upande polepole. Watu wengi hujinyamazia wenyewe. Asiyenyamaza muache, huyo ndiye atakayekumbukwa.

Meza nazo. Meza ya duara ya futi 6 huketisha watu 10, na mwandalizi huuza meza kwa kampuni kama viti 10, zile za mbele zikiitwa platinamu au dhahabu. Ukizungusha watu 10 kwenye meza ya duara, wanne au watano wanaipa kamera kisogo. Ukumbi mzima unaonekana kama watu waliosusa. Kwa runinga unatakiwa kukalisha 6 tu, nusu duara, wote wakiangalia jukwaa, lakini viti 4 hivyo ni pesa, na ubishi huo kwa kawaida runinga huupoteza. Suluhu ya katikati ni kuweka safu mbili za viti vya kawaida mbele kabisa kwa wateule, na meza zianzie nyuma yao. Hilo pia linafupisha safari ya mshindi: kutoka meza ya 14 hadi jukwaani, akipita katikati ya viti vilivyosukumwa nyuma, ni sekunde 40, kutoka safu ya mbele ni 15. Kwa tuzo 25, hapo umepata zaidi ya dakika 10 bila kumkata mtu kauli.

Chakula kiliwe kabla. Sahani zikiwa mezani wakati kipindi kiko hewani, maikrofoni za kunasa makofi zitanasa uma na vijiko, na mhudumu mwenye trei atapita mbele ya kamera wakati hasa mtu analia. Na ukiweka bafe nyuma ya ukumbi, saa tatu usiku utakuwa na foleni ndefu ya pilau huko nyuma na viti vitupu mbele. Kwa viti vitupu Wamarekani wana watu maalum, waliovaa vizuri, wa kukaa nafasi ya anayetoka kwenda msalani. Kwa ukumbi wa viti 600 tafuta vijana 30 hivi wa chuo, suti nyeusi au gauni la rangi moja, wasimame kwenye milango ya pembeni. Waambie mambo matatu: waingie wakati wa matangazo ya biashara tu, simu wasitoe, na mwenye kiti akirudi wainuke bila salamu. Wasipoambiwa la pili, watajirekodi wakiwa kwenye kiti cha mteule.

Sasa skrini, maana hapo ndipo mbwembwe zinapogeuka stima. Siku hizi hakuna sherehe bila ukuta wa LED nyuma ya jukwaa, na kila mwaka sharti uwe mkubwa kuliko wa mwaka jana. Ukuta wa mita 12 kwa 4 ni mita mraba 48. Vibao vya kukodi vikionyesha nyeupe tupu hula kama wati 600 hadi 800 kwa kila mita mraba, kwa hiyo sehemu hiyo pekee inaweza kutaka kilowati 30 na zaidi. Kuna taa bado, sauti bado, viyoyozi, gari la matangazo. Kutegemea umeme wa ukumbi pekee ni kucheza kamari. Jenereta ziwe 2 zilizounganishwa, si 1 kubwa, na mafuta yajazwe kabla, si katikati. Hata hivyo ubadilishaji kutoka stima ya mji hadi jenereta huchukua sekunde kadhaa, na sekunde hizo zinatosha kuzima mixa ya sauti ya kidijitali, ambayo ikiwaka upya huchukua dakika nzima au mbili ukumbi ukiwa bubu. Kwa hiyo mixa, mashine ya kubadilisha kamera na kompyuta ya video ziwe kwenye betri zao za akiba. Skrini ikizimika kidogo, watazamaji watadhani ni mtindo.

Kosa la pili la skrini huonekana nyumbani, si ukumbini: mawimbi ya mistari yanayocheza nyuma ya kichwa cha anayehutubu. Hutokea kamera inapolenga vibao vyenyewe kwa makini na vitone vyake vikagongana na vitone vya kamera. Mweke mtu mbele ya skrini kwa mita 3 au 4, fungua lenzi ili nyuma pafifie, na mwangaza wa skrini ushushwe hadi thuluthi moja. Wadhamini watalalamika kwamba nembo zao hazing'ai. Waonyeshe picha ya kamera, si ukuta.

Zulia jekundu halihitaji maneno mengi. Lile jembamba la bei rahisi likitandikwa moja kwa moja juu ya kabro, visigino vya wanawake huzama kwenye nafasi za matofali na zulia huchanika. Tandika plaiwudi chini, ubandike kingo kwa utepe wa kitambaa, na kama ni Aprili au Novemba weka hema juu.

Bahasha ndipo penye somo kubwa, na Oscar ya tarehe 26 Februari 2017 ndiyo mwalimu. Wahasibu wawili wa PwC walisimama pande mbili za jukwaa, kila mmoja na seti kamili ya bahasha. Utaratibu ulikuwa kwamba bahasha ya kitengo ikitumika upande huu, pacha yake upande ule inawekwa kando. Ile ya mwigizaji bora wa kike haikuwekwa kando. Mwigizaji Warren Beatty alipokwenda kutangaza filamu bora alipewa hiyo pacha. Alifungua, akaona jina la Emma Stone, mwigizaji bora wa kike, na la filamu yake, akaduwaa, akamwonyesha mwenzake Faye Dunaway, naye akasoma alichokiona: La La Land. Watu wa La La Land walishukuru kwa zaidi ya dakika 2 kabla ya kuambiwa kwamba mshindi ni Moonlight.

Kila mtu alimcheka mhasibu. Mimi namlaumu zaidi aliyechora kadi. Juu kabisa paliandikwa jina la sherehe, kubwa. Katikati jina la mshindi. Jina la kitengo, ambalo lingemwokoa Beatty kwa mtupo mmoja wa jicho, lilikuwa chini kabisa kwa herufi za kutafuta na miwani. Nje, bahasha ilikuwa nyekundu na maandishi ya dhahabu, katika giza la pembeni mwa jukwaa. Hayo ndiyo majivuno yaliyochapwa: sherehe ilijitaja yenyewe kwanza.

Kadi nzuri iko kinyume. Kitengo juu, mshindi katikati kwa herufi kubwa kuliko zote, nembo chini na ndogo. Nje ya bahasha kitengo kwa wino mweusi juu ya karatasi nyeupe, kisomeke mkono ukiwa umenyooshwa. Karatasi iwe nzito ili jina lisionekane kwa taa ya nyuma, gundi iwe kidogo tu pembeni, la sivyo utamtazama mtu mzima akipigana na karatasi mbele ya taifa. Kwa sherehe ya hapa seti 1 yatosha, na mtu 1 wa kuishika. Usizipange kwa namba ya ratiba: mgeni akichelewa ratiba inageuzwa, na namba 7 si ya saba tena. Zipange kwa jina la kitengo, na anayekabidhi alisome kwa sauti ndogo kwa msimamizi wa jukwaa kabla ya kutoka. Baada ya 2017 Oscar waliongeza mhasibu wa tatu, akakaa chumba cha kuongozea matangazo na seti yake kamili, na simu zikapigwa marufuku kwa wahasibu wa jukwaani. Mtu wa namna hiyo hapa angetosha na karatasi moja na kifaa cha masikioni.

Kuhusu kura: ujumbe mfupi wa kulipia ukiruhusu laini moja kupiga kura mara mia, mshindi ni mwenye salio. Wengine wamehamia kwenye tovuti na kuzuia kura zaidi ya moja kutoka anwani moja ya mtandao, bila kukumbuka kwamba hosteli nzima ya wanafunzi inatumia anwani moja. Kura moja kwa namba moja ya simu kwa siku, na jopo la majaji libaki na zaidi ya nusu ya uzito. Tangaza uwiano huo kabla, si baada ya kelele.

Sanamu zenyewe nyingi hukatwa kwa leza kutoka plastiki ngumu angavu. Supaglu huiachia ukungu mweupe usiofutika, kwa hiyo iunganishwe kwa gundi ya plastiki hiyo na skrubu 2 kutoka chini ya kitako. Majina yasichongwe kabla. Mshindi wa Oscar hubandikiwa kibao chake kwenye karamu ya baadaye, na hilo linazuia mambo mawili, siri kuvuja na jina kukosewa. Wanjiku akiandikwa Wanjiru, hakuna hotuba itakayorekebisha.

Halafu kuna ile kauli iliyorudiwa kwa miaka mingi, kwamba watu bilioni moja duniani wanatazama Oscar. Nchini Marekani kwenyewe watazamaji wa Oscar walikuwa zaidi ya milioni 55 mwaka 1998, na kama milioni 10 tu mwaka 2021. Siku hizi inapoanza saa kumi jioni Los Angeles, hapa ni saa nane au tisa usiku kuamkia Jumatatu. Walio macho ni askari wa usiku na madereva wa teksi. Usiku Lupita Nyong'o aliposhinda, Machi 2014, ilianza saa kumi na nusu alfajiri kwa saa zetu, na wengi waliosherehekea walipata habari wakiwa kwenye matatu ya kwenda kazini. Waandalizi wa hapa nao hupenda kutaja mamilioni. Mtu hutaja milioni akiwa hana namba.

Kama ratiba haiponi, basi angalau ipange upya. Tuzo kubwa kabisa iwekwe kabla ya saa nne usiku, si mwishoni. Saa tano ikigonga, wasio na gari wameshaanza kuhesabu nauli ya kurudi Kayole, meza za platinamu zimeondoka na mapambo ya katikati, na msanii bora wa mwaka anapanda kushukuru mbele ya wahudumu wanaokunja vitambaa. Na angalia mkataba wa kukodi ukumbi, skrini na jenereta: mwingi huhesabu kwa siku, na siku hukatika saa sita usiku. Tuzo mbili za mwisho zikivuka hapo, ankara ya Jumatatu itakuja na siku ya pili.